Mlango Unafungwa Saa Nne

Joyeuse alisoma swali kwa kidole, silabi moja baada ya nyingine, kwa sababu Kifaransa chake kilikomea darasa la sita la shule ya msingi. Alipofika mwisho alilirudia kwa Kiswahili, jinsi walivyokuwa wamezoea.

"Gari ya vyakula haifike. Barabara imefungwa. Mukubwa wa mradi anafanya nini kwanza? A, anatafuta njia ingine. B, anaangalia daftari ya hatari. C, anaita mukubwa wake. D, anangoja."

"A," Dative alisema, akipuliza makaa.

"Hapana."

"Namna gani hapana? Barabara ya Sake ikifungwa, unapakiza mu mashua. Nilifanya vile mara tatu. Batu balikula."

"Kitabu kinasema B."

"Batu bako na njaa, mimi niko naangalia daftari?"

"Mi sijue, wifi. Mi niko nasoma tu."

Edmond, mume wa Dative na kaka wa Joyeuse, alikuwa akifunga buti zake za pikipiki mlangoni. Alicheka. "Mwenye kuandika hiki kitabu hajafika Sake."

"Na mwenye kusahihisha naye hajafika," Joyeuse alijibu. "Kwa hiyo ni B."

Lilikuwa jaribio la nne la mazoezi, na kila mara Dative alianguka mahali pale pale: alijibu kama mtu aliyekwisha kufanya kazi yenyewe. Kwa miaka mitano aliandikisha wakimbizi kwenye viwanja vya kugawia unga na sabuni. Wakubwa walikuja na kuondoka, kila mmoja na cheti cha usimamizi wa miradi, na kila mmoja alimuuliza Dative ni chifu yupi wa bloku anaandika watu wasiokuwepo. Wa mwisho alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Alimwambia, "Dative, kwa terrain, kule ku viwanja, uko muzuri sana, lakini bila cheti siwezi kukuweka mu bureau." Halafu alimtuma chai. Dative aliileta ile chai. Bado anakumbuka kwamba alimwekea sukari tatu.

Sasa vile viwanja vilikuwa vimefungwa na kazi imekwisha. Shirika moja lilitafuta msaidizi wa mradi, na tangazo lilidai cheti, hata kile cha waanzaji. Barua za maombi zilipaswa kufika Jumatatu kabla ya saa sita. Mtihani wa Dative ulikuwa Ijumaa, saa nne ya asubuhi, kwenye kompyuta, nyumbani kwake. Dada yake wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, ndiye aliyeulipia kwa kadi yake, kwa kuwa banki za Goma zilikuwa zimefungwa, na Dative akamrudishia kwa vitenge sita vya harusi. Ukikosa saa yako, umekosa. Kitenge cha saba hakikuwepo.

Masharti ya mtihani aliyajua kwa moyo. Chumba kiwe na mtu mmoja. Mlango ufungwe kwa muda wa saa tatu. Sauti ya mtu mwingine isisikike. Mtu akiingia, mtihani unakatwa.

Nyumba yao ya mbao ilikuwa mtaa wa Birere, ndani ya lupango, ua mmoja wenye milango mitano ya wapangaji. Huko mlango unaofungwa mchana una maana mbili tu: au unaficha nyama, au unaficha mwanaume.

"Sawa," Dative alisema mwishowe. "Kitabu kinataka daftari ya hatari. Tutakipa daftari."

Alichukua karatasi kubwa nyeupe, akaandika tarehe, akachora safu nne kwa Kifaransa: hatari, uwezekano, madhara, la kufanya. Umeme kukatika. Mtandao kupotea. Mvua juu ya bati. Wageni kupiga hodi. Kwenye mstari wa tano aliandika: *Msiba ndani ya lupango. Uwezekano: mkubwa.*

Joyeuse alisimamisha kidole chake hapo. "Wifi, kifo hakiandikwake."

"Umeme tunaandika, kifo kinakataa?"

"Umeme hausome."

Nyuma ya ukuta Muzee Nsanzimana, mume wa mwenye lupango, alikohoa. Alikuwa anakohoa tangu Pasaka. Wote watatu walisikiliza mpaka kikohozi kikaisha. Halafu Dative akaandika safu ya nne kwa muda mrefu, mpaka nafasi ikamwishia na herufi zikaanza kupanda pembeni. Aliibandika karatasi ukutani kwa ugali wa jana, juu ya meza.

Muzee Nsanzimana alikufa Jumatano, siku mbili kabla ya mtihani, kulipopambazuka.

Dative alikuwa wa kwanza kuingia. Alimkuta Mama Mukamazimpaka, mwenye lupango, ameshika mguu wa mume wake kama mtu anayezuia asiondoke. Hakulia. Alisema tu, "Umekuya," na Dative akajibu, "Niko hapa, mama." Kufika saa moja shitingi ya bluu, turubai la plastiki, ilikuwa imekwisha kutandazwa juu ya uwanja, na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilikuwa mlangoni na bidoni za maji. Katika vilio vile hakuna aliyeuliza vilitoka wapi.

Alhamisi asubuhi alifika Havugimana, mdogo wa marehemu, akitoka mji wa Kiwanja na gari la ndizi. Alikuwa mwalimu zamani, na mpaka leo aliongea na watu kama wamechelewa darasani. Aliingia kila nyumba kukusanya viti, kwa kuwa siku ya msiba kiti si chako, ni cha marehemu. Kwa Dative vinne vilikuwa vimekwisha kutolewa tangu jana. Alichukua na meza. Alipoiinua, macho yake yakakutana na ile karatasi.

Alisoma tarehe ya juu, akasoma mstari wa tano, safu mbili. Akaibandua polepole, asiipasue.

"Bibi wa Edmond yuko wapi?"

Dative alikuwa chini ya shitingi, anachagua maharage na wanawake wengine. Alisimama akipangusa mikono.

"Hii mwandiko ni ya nani?"

"Ni yangu, papa."

"Tarehe ni ya lini?"

"Siku kumi na mbili zimepita."

Havugimana aliinua karatasi ili watu waone, ijapokuwa wengi wao hawakujua kusoma Kifaransa. "Siku zote hizo mbele ya ndugu yangu kufa, huyu mwanamuke aliandika msiba wake. Akabandika ku mbao ya chumba cha mugonjwa. Na pembeni akaandika 'mukubwa'. Nani alikuambia?"

"Kikohozi chake. Iko mbao moja kati yetu, papa. Nilikuwa nakisikia kila siku."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akakimeza kicheko haraka. Lakini wanawake waliokuwa karibu na Dative walijivuta. Mmoja alichukua beseni la maharage aliyokuwa amechagua Dative, akayamwaga kwenye maji, akaanza kuyaosha upya. Hakumwangalia usoni. Dative aliona, na Joyeuse, aliyesimama kando ya mafiga, alimwona akiona.

Edmond alipenya katikati ya watu, akamshika mkewe kiwiko. "Omba musamaha, iishe," alinong'ona.

"Musamaha ya nini?"

"Ya amani. Tukifukuzwa hapa tutaenda wapi? Wacha hata hiyo egzamen ya kesho, utafanya siku ingine."

"Siku ingine nitalipa na kitenge gani?"

Edmond aliachia kiwiko.

"Papa Havugimana," Dative alisema, na safari hii alipaza sauti, kwa ile sauti ya kiwanjani ya kuita majina mia nne bila kipaza sauti. "Umesoma safu mbili. Ziko ine. Maliza."

"Mimi sina nafasi ya kusoma uchawi."

"Uliona nafasi ya kuanza."

"Unanijibu? Mbele ya maiti?"

"Wewe ndiyo ulinileta mbele yake. Kama huwezi kumaliza, Joyeuse atamaliza."

Joyeuse alikuja. Hakuna aliyemtuma. Alinyoosha mkono mbele ya Havugimana, akangoja. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kungoja makaa yashike. Mzee yule alitazama ule mkono, akatazama watu, na kwa kuwa alikuwa mwalimu, alishindwa kumnyima mtu karatasi ya kusoma.

Kidole kikaanza safari yake.

"La kufanya. Shi-tingi ya parokia. Kuomba kwa bamama ba Legio. Pembeni, na kalamu ingine: nimeomba, iko tayari."

Vichwa viliinuka. Kimoja, viwili, halafu vyote. Shitingi ya bluu ilipiga upepo juu yao.

"Maji. Chukudu moja, bidoni makumi mbili. Edmond. Viti vyetu vitoke vya kwanza, basingoje kuomba. Maharage, tutapika sisi. Mama Mukamazimpaka asilale peke yake siku tatu za kwanza. Joyeuse alale naye." Hapo alisita, kwa kuwa usiku uliopita alilala kwenye mkeka wa mjane na hakujua kwamba iliandikwa. "Wakati wa kuzika, mimi na Joyeuse tunabaki, yeye anaangalia vyungu na maji ya kunawa. Ijumaa mulango wetu unafungwa saa ine mpaka saa saba. Haibadilike."

Alikunja karatasi.

Mama Mukamazimpaka alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, mgongo kwenye jeneza. Tangu jana alikuwa hajasema maneno kumi. "Hii shitingi," alisema, "nilifikiri ni Havugimana aliituma."

Havugimana alianza kuchunguza vifungo vya koti lake.

"Na hiyo ya mulango, ni nini?"

"Ni egzamen yangu, mama," Dative alisema. "Kesho saa ine. Sitafika ku kaburi. Muzee nilimupenda, na nitamulilia siku yangu. Lakini saa tatu zile ni zangu. Sitaziomba kwa mutu. Mwenye kutaka kuniita muchawi aniite leo, kesho sitasikia."

"Munasikia?" Havugimana alipata sauti yake tena. "Kukosa kuzika, na anajisifu! Atoke mu lupango!"

"Lupango ni yangu," mjane alisema.

"Shemeki, mimi niko natetea ndugu yangu."

"Ndugu yako alikohoa tangu Pasaka. Ulikuwa unamutetea wapi?" Aliokota punje ya harage iliyoangukia mkeka, akaiweka kando. "Karatasi yake ibaki kwake. Viti vinabaki hapa."

Yule mwanamke wa beseni aliendelea kuyaosha maharage. Si wote walioamini. Jioni ile wawili walikataa sahani iliyotoka mkononi mwa Dative, wakasema wameshiba. Aliwapa waliofuata.

Ijumaa, saa tatu na nusu, jeneza lilitoka. Watu walilifuata wakiimba, na lupango likabaki na vyungu, Dative na Joyeuse.

Na Edmond. Alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yake, anafungua betri. Aliipitisha mlangoni pamoja na nyaya mbili. "Umeme ukikatika unaunga hapa. Modemu na kompyuta, inashika masaa ine."

"Na wewe utaenda ku kaburi na nini?"

"Na miguu." Alijikuna shingo. "Kwa daftari yako mustari wa kwanza ni umeme. Nilisoma."

Akaondoka mbio kufuata wimbo.

Hakukuwa na kiti wala meza. Dative aliweka sanduku juu ya bidoni mbili, kompyuta ya kuazima juu ya sanduku, akakalia bidoni ya tatu. Laini ya simu ilikuwa ya Rwanda, ambayo Birere inashika vizuri kuliko ya Kongo. Alifunga mlango kwa ndani. Alipousukuma upao wa kufungia, ulilia kama kitu kisichozoea kazi hiyo mchana.

Saa nne kamili sauti ya mwanaume ikatoka kwenye kompyuta, Kifaransa cha mbali. Azungushe kamera. Aonyeshe ukuta. Aonyeshe kitanda. Chini ya kitanda. Ainue godoro, tafadhali. Afungue kitambaa cha kichwa, aonyeshe masikio, moja, la pili. Dative alifanya yote. Aliwahi kukagua maelfu ya watu kwenye foleni, vidole na vitambulisho, na hakuwahi kujua jinsi shingo inavyopata joto.

"Ukutani kuna alama. Ni nini?"

"Ugali, bwana."

"Samahani?"

"Gundi."

"Vizuri. Unaweza kuanza."

Maswali mia moja na hamsini. La tatu lilisema barabara imefungwa na muuzaji hafiki. Majibu ni manne, na la kwanza ni kutafuta njia nyingine. Dative alilitazama kwa mapenzi, kama mtu anayepita nyumba aliyowahi kuishi. Akabonyeza daftari.

Nje Joyeuse alikoroga maharage. Aliweka ndoo mbili za maji mlangoni mwa lupango, na majani ndani yake, kwa maana mtu akitoka kaburini hapiti mlango kabla ya kunawa. Hata mtoto hapiti. Kando ya ndoo aliweka jagi kubwa na sabuni.

Ilipofika saa sita na dakika kumi na tano alisikia wimbo. Alidhani masikio yanamdanganya. Saa ilikuwa bado. Katika karatasi waliandika saa saba. Lakini njia ilikuwa tupu, gari la ndizi la Havugimana lilibeba watu kwa zamu, na padri hakuhubiri. Walikuwa wanarudi, watu sitini, wote na sauti zao.

Ndani, Dative alikuwa kwenye swali la mia na kumi na saba. Aliwasikia pia. Kwenye kioo yalitokea maandishi mekundu: *Tunasikia sauti. Ikirudiwa, mtihani utasimamishwa.* Hakuruhusiwa kuita. Hakuruhusiwa kusimama. Alikaza magoti kwenye bidoni, akasoma swali la mia na kumi na nane.

Joyeuse alitazama jagi. Akalichukua, akalificha nyuma ya gunia la makaa. Kwenye mafiga kulikuwa na kikombe cha bati, kile kidogo cha kupimia chumvi. Alikitwaa, akaenda kusimama katikati ya mlango wa lupango, kidole mdomoni.

"Wimbo unaishia hapa," aliwaambia. "Muzee amelala. Mutu anawe na kimya. Mumoja mumoja."

"Na hicho kikombe?" Havugimana aliuliza. "Batu bote hawa? Jagi iko wapi?"

"Papa, kimya."

"Toka, mutoto, tumechoka!"

Joyeuse hakutoka, wala hakupandisha sauti. Alikijaza kikombe, akakiinua, akangoja, kama alivyongoja karatasi. Hakuna aliyethubutu kumrukia. Kupita bila kunawa ni kuleta kaburi nyumbani, na Havugimana, aliyeongelea uchawi jana, alilijua hilo kuliko wote.

Mama Mukamazimpaka alikuja mbele, kwa kuwa mjane hunawa wa kwanza. Alitazama kikombe. Alitazama mlango wa Dative, uliofungwa. Alitazama saa iliyokuwa mkononi mwa Havugimana. Kisha akanyoosha mikono.

Alinawa kidole kwa kidole. Alianza na cha mwisho cha kushoto. Alipaka sabuni kati ya kila viwili, akazungusha pete yake, akasafisha chini ya pete, akaomba kikombe kingine. Alinawa viganja, akanawa viwiko. Joyeuse alimwaga maji kama uzi. Alipomaliza mkono wa kulia mjane aliutazama kwenye mwanga, akatikisa kichwa, akaanza upya.

"Shemeki," Havugimana alinong'ona, "tutalala hapa?"

"Nilikuwa na mume miaka makumi ine na mbili," alimjibu kwa sauti ndogo. "Unataka nimunawe kwa dakika mbili?"

Nyuma yake wanawake walielewa. Au walielewa wengine, na wengine waliiga. Yule wa beseni alitumia vikombe vitatu. Edmond, aliyefika na vumbi mpaka magotini, alivua viatu, akasema lazima anawe na miguu.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano upao ulipolia tena. Dative alitoka, kitambaa cha kichwa mkononi, mstari wa bidoni umechorwa nyuma ya sketi yake. Mlangoni mwa lupango bado walikuwa watu ishirini na wawili ambao hawajanawa, na Havugimana alikuwa wa mwisho wao.

Joyeuse alimtazama usoni. Akakitupa kikombe ndani ya ndoo, akatoa jagi nyuma ya gunia.

"Kumbe iko!" Havugimana alisema.

"Imeonekana, papa. Lete mikono."

Dative alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka wa mjane, akapiga magoti. Hapo ndipo alipomlilia Muzee Nsanzimana, kwa sauti, bila haraka, na watu walimwacha. Wachache walimwacha kwa mbali.

Alipojifuta, Mama Mukamazimpaka aliuliza, "Ulipita egzamen?"

"Nilipita, mama. Kompyuta imesema palepale."

"Watakupa kazi?"

"Sijui. Jumatatu napeleka karatasi. Wakinikatalia, wataniambia sababu ingine, si cheti."

Mjane alitikisa kichwa taratibu. Havugimana alikuwa anapita na mikono imelowa, na yeye akangoja afike karibu, asikie vizuri.

"Ile daftari yako, iko wapi?"

Dative aliitoa kwenye kifua cha blauzi, imekunjwa mara nne.

"Niandike na mimi," Mama Mukamazimpaka alisema. "Mustari wa sita. Uwezekano uandike mukubwa, hakuna atakayekupinga. Na ku safu ya ine uandike shitingi ingine. Hii inavuja."